Sentensi ya Sita

Saa mbili na dakika kumi asubuhi Kidole alipiga hodi nyumbani kwa Baba Pacha, na mlango ukafunguliwa kabla hajarudia.

"Umekuja kumchukua?" Aliyeuliza ni Mama Pacha. Mkononi alishika sweta la bluu, nusu amelikunja. "Tuliambiwa saa sita. Sasa hivi ni saa mbili. Nyinyi watu kila kitu mnachelewesha, ila kumfunga mtu mnawahi!"

"Mimi si polisi, mama. Niliwahi kuwa, nikaacha. Nimetumwa na bodi ya ghala kuangalia kesi ya mzee."

"Kuangalia." Mama Pacha akampima kuanzia viatu mpaka kichwani. "Haya, ingia uangalie. Viatu vua, nimepiga deki."

Kwenye kochi palikuwa na begi dogo limefunguliwa. Sabuni, mswaki, taulo, kandambili mpya. Mama Pacha alikuwa anampangia mumewe vitu vya mahabusu kama mtu anayempeleka mtoto bweni. Baba Pacha mwenyewe alikaa kwenye stuli karibu na dirisha, shati la kazini limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Miaka kumi na tisa alikuwa mtunza chumba cha baridi katika ghala la dawa. Leo saa sita mchana wangemkabidhi polisi kwa kosa la hujuma.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Jumamosi kompresa ya chumba cha baridi iliungua. Joto likapanda, na king'ora kilichowekwa pale kuita watu hakikulia. Jumatatu asubuhi maboksi mia nne na kumi na mbili ya insulini yakakutwa yameharibika, na wagonjwa huko nje wanayasubiri. Kumbukumbu za programu zikaonyesha king'ora kilizimwa Ijumaa saa nne na dakika nane, kwa namba ya siri ya Baba Pacha. Wakubwa hawakutaka kujua zaidi ya hapo. Mkubwa akishapata jina la mtu mdogo, uchunguzi kwake umekwisha. Kinachobaki ni chai.

"Ulikizima?" Kidole aliuliza.

"Nilikizima."

"Baba Pacha!" mkewe akaruka. "Ndivyo watu wanavyojitetea?"

"Sasa nidanganye, mke wangu? Namba ni yangu." Akamgeukia Kidole. "Gari la mzigo lilifika. Mlango ukikaa wazi nusu dakika king'ora kinapiga kelele mpaka meno yanauma. Kwa hiyo ukipokea mzigo unakizima. Miaka yote tumefanya hivyo."

"Na kukiwasha?"

"Kinarudi chenyewe baada ya nusu saa."

"Nani kasema?"

"Mashine ya zamani ilikuwa hivyo."

"Na hii mpya?"

"Hii mpya ilifungwa Jumanne ya wiki iliyopita. Mzigo wa Ijumaa ndio ulikuwa wa kwanza. Niliomba tufundishwe. Wakaniambia haina haja ya mafunzo, programu inajieleza yenyewe, bonyeza alama ya kuuliza usome. Basi nikabonyeza, nikasoma. Mara tatu."

"Kitufe cha WASHA hukukiona?"

"Nilikiona. Hata ile ya zamani ilikuwa nacho. Ni cha mtu anayemaliza mzigo kabla ya nusu saa."

Jibu lilikuwa safi, na Kidole hakupenda majibu safi bila kitu cha kushika mkononi. "Unakumbuka ulichosoma?"

Baba Pacha akainama, akavuta daftari la shule kutoka chini ya kochi. "Sikumbuki. Nilinakili. Mimi kitu kigeni lazima nikiandike, la sivyo kinapotea."

Kidole akaliweka daftari kwenye meza, akanyoosha kidole cha shahada, akaanza kusoma kwa kukipitisha chini ya kila neno. Ndiyo asili ya jina lake. Shule aliiachia darasa la sita, na tangu hapo hajawahi kusoma mstari bila kuugusa. Kule makao makuu ya polisi wenye vyeti walikuwa wakimcheka. Lakini kesi kumi na saba alizofunga hakuna aliyeweza kuzifungua tena.

Juu ya ukurasa iliandikwa tarehe ya Ijumaa. Chini yake:

*Mpangilio huu umeletwa kwenu na Idara ya Mifumo ikiwa ni sehemu ya azma yetu ya kuboresha huduma. King'ora ni nyenzo muhimu katika kulinda ubora wa dawa. Wakati wa kupokea mzigo, mtumiaji anaweza kukizima king'ora. Bonyeza ZIMA, kisha weka namba yako ya siri. Kwa ufanisi zaidi, kazi ifanyike kwa haraka na kwa moyo wa kujituma.*

Kidole akazihesabu. Sentensi tano.

"Hakuna nyingine?"

"Ningeiacha kwa sababu gani, ndugu yangu? Wino wangu, daftari langu."

"Nalichukua."

"Chukua," Mama Pacha alisema, akaliweka sweta ndani ya begi na kulikandamiza. "Lakini saa sita nitakuwa getini na begi hili. Wakimtoa mume wangu pale kwa pingu, nataka na wewe uwepo, uangalie vizuri. Si ndiyo kazi yako, kuangalia?"

*

Ofisi ya Mkuu wa Mifumo ilikuwa ghorofa ya tatu, na skrini iliyokuwa mezani kwake ilikuwa pana kama dirisha. Saa tatu na robo Kidole alikuwa amesimama mbele yake. Kiti hakuonyeshwa.

"Mzee wangu, unajisumbua," Mkuu alisema. "Yule bwana alinyimwa cheo mwaka jana. Akaweka kinyongo. Akazima king'ora. Kesi imejieleza."

"Kama programu."

"Eti?"

"Nasema imejieleza, kama programu. Naomba kuona maelezo ya king'ora."

Mkuu akabofya mara mbili. Kisanduku cha maandishi kikafunguka katikati ya skrini, cheupe, kizuri, na nafasi imebaki kila upande. Kidole akazunguka meza, akanyoosha kidole.

"Usiguse kioo, tafadhali."

"Sigusi, nasoma."

Alisoma polepole mpaka mwenye ofisi akaanza kutingisha mguu. Sentensi ya kwanza ilifanana na ya daftari. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, zote zilifanana mpaka nukta. Halafu kidole kikaendelea kwenda.

*King'ora hakitawaka tena chenyewe: ukimaliza kupokea mzigo, rudi hapa ubonyeze WASHA.*

"Umeona?" Mkuu akatabasamu. "Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Aliambiwa arudi, hakurudi. Hiyo ni hujuma."

"Nichapie."

Karatasi ikatoka na joto la mashine. Kidole akaikunja, akaiweka ndani ya daftari la Baba Pacha. Tano huku, sita huku. Ama mtunza chumba kaificha moja, ama mtu kaichomeka baada ya dawa kuharibika ili kumtosa mwenzake.

"Maneno haya anaandika nani?"

"Kuna binti huko chini. Lakini mimi ndiye ninayeidhinisha."

"Na huko mlangoni kwenye chumba cha baridi, naweza kufika?"

"Pamepigwa lakiri tangu Jumatatu, kwa amri ya Mkurugenzi. Hapana haja. Kila kilichoko kule unakiona hapa hapa, kwa raha zako."

Kidole alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. "Tangu Jumatatu kuna mkubwa yeyote aliyeshuka kusoma kule?"

"Kwa ajili ya nini?" Mkuu aliuliza, na alishangaa kweli.

*

Mwandishi wa maelezo alipewa chumba chini ya ngazi, ukuta mmoja na stoo ya mafagio. Dada wa miaka thelathini na kitu, miwani juu ya paji la uso, kikombe cha chai kimepoa pembeni. Kazi yake ilikuwa ni yale maneno madogo ambayo hakuna anayejiuliza yametoka wapi: ukibonyeza alama ya kuuliza kwenye programu, anayekujibu ni yeye.

Kidole hakuzunguka. Akaweka daftari na ile karatasi mezani. "Sentensi ya sita uliichomeka lini? Jumatatu mchana au usiku?"

Dada akashusha miwani. Akasoma. Uso ukabadilika, si kwa woga, kwa hasira.

"Nani kakwambia niliichomeka?"

"Mtu alinakili Ijumaa, haikuwepo."

"Basi huyo mtu mwongo."

"Miaka kumi na tisa kazini, hana doa hata moja."

"Na mimi nina mingapi? Nina mmoja, kwa hiyo mwongo ni mimi?" Akageuza skrini yake kwa nguvu mpaka kikombe kikayumba. "Tazama, kaka. Kila nikibadilisha neno, hata nukta, programu inaandika siku na saa. Nyoosha hicho kidole chako usome mwenyewe. Maelezo ya king'ora yaliguswa mara ya mwisho lini?"

Kidole kikapita. Jumatatu, ndiyo, lakini Jumatatu ya wiki iliyopita, siku moja kabla ya programu kufungwa. Tangu hapo, kimya.

"Nani anaweza kuifuta kumbukumbu hii?"

"Hakuna. Hata Mkuu hawezi, na aliwahi kujaribu."

Njia ile ikawa imefungwa. Sentensi ya sita ilikuwepo Ijumaa. Basi Baba Pacha kaiona akaiacha? Kidole akaangalia saa. Saa nne na dakika ishirini.

"Samahani, dada," alisema, akavuta ndoo ya deki, akaigeuza, akakaa. "Tuanze upya. Mtu ana daftari, anaandika kila kitu, mpaka upuuzi wa azma ya kuboresha huduma. Halafu anaiacha sentensi moja tu yenye maana. Inakuingia akilini?"

"Haingii."

"Hata mimi. Nionyeshe ulivyoandika mara ya kwanza."

Dada akamtazama kidogo, kama mtu asiyeamini kwamba ameulizwa. Akafungua droo, akatoa karatasi zilizobanwa kwa kibanio. Ya juu kabisa ilikuwa na sentensi tatu tu.

"Soma ya kwanza," alisema.

Kidole akasoma kwa sauti. "King'ora hakitawaka tena chenyewe: ukimaliza kupokea mzigo, rudi hapa ubonyeze WASHA." Akanyanyua kichwa. "Hii ndiyo ya sita!"

"Ilikuwa ya kwanza! Kaka, mtu akibonyeza alama ya kuuliza tayari ana shida, tena amesimama. Hakuja kusikiliza historia ya idara. Kwamba kitufe cha ZIMA kinazima, hilo kalisoma kwenye kitufe chenyewe. Mwambie asichokijua. Kitakachomuumiza kiwe mbele, cha kufanya kifuate, halafu unyamaze. Mimi najua kazi yangu."

"Ikafikaje mwisho?"

Akafunua karatasi ya pili. Wino mwekundu. "Mkuu wa Mifumo. Alisema maelezo hayaanzi na vitisho, yaanze kwa kutambulisha idara. Akaishusha yangu mwisho, akaongeza sentensi yake juu." Karatasi ya tatu, wino wa bluu. "Mkuu wa Ubora. Akaongeza yake. Yeye sasa hivi yuko semina." Ya nne, kijani. "Mkurugenzi. Hiyo ya moyo wa kujituma ni yake, kaibana juu ya yangu bila kuisoma."

"Kwani lazima kila mmoja aongeze?"

"Ndiyo desturi ya hapa. Mkubwa akisaini karatasi bila kutia neno, wenzake watasema hajaisoma. Kwa hiyo anatia neno. Kuisoma sasa, hiyo ni habari nyingine."

Kidole akatoa sauti ndogo, nusu ya kicheko. Akaanza kugonga meza kwa kidole, tano, kisha moja. Tano, kisha moja. Akaacha.

"Kwa hiyo wakubwa walikuwa wanaisukuma chini."

"Kila mmoja kwa zamu yake."

"Na huko chini kuna nini?"

"Unasemaje?"

"Ile skrini ya mlangoni, dada. Si hii yako, wala lile dirisha la Mkuu. Ile ya mlangoni ina ukubwa gani?"

Mwandishi akaitazama skrini yake. "Sijui. Niliomba nikaione mara mbili. Wakaniambia mtu wa maneno hana shughuli kwenye chumba cha baridi."

Kidole alishasimama, ndoo ikabingirika. "Vaa viatu. Leo una shughuli!"

*

Fundi wa majokofu waliyemkuta nyuma ya jengo, jina lake la kazini Barafu, alikuwa anafuta mikono yenye grisi kwa kitambaa.

"Kompresa nimefunga mpya jana, mzee. Baridi iko sawa. Lakini mlango wa mbele siwezi kuugusa, una lakiri ya Mkurugenzi."

"Mimi nina barua ya bodi. Inasema mlango wowote." Kidole akakunjua kisu kidogo. "Wewe ni shahidi. Saa ngapi?"

"Saa tano kasoro dakika tano."

"Andika. Tia saini."

Lakiri ikakatika. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na chumba chembamba cha kuingilia: makoti mazito yametundikwa, glovu za mpira kwenye ndoano, na mbele yake mlango mkubwa wa bati wa chumba chenyewe. Pembeni ya mlango, kwenye ukuta wa bati, palikuwa na skrini.

"Iko wapi?" Mwandishi aliuliza.

"Hiyo hapo," Barafu akasema.

"Hiyo?"

Haikuzidi kiganja cha mtu mzima. Ilionyesha nyuzi joto tu, tarakimu mbili za kijani. Chini yake vitufe vikubwa vya mpira: ZIMA, WASHA, alama ya kuuliza, na vya namba.

Kidole akabonyeza alama ya kuuliza. Tarakimu zikaondoka, maandishi yakaja, yamejazana kutoka ukingo hadi ukingo. Kidole kikaanza safari. Idara ya Mifumo na azma yake. Nyenzo muhimu. Mtumiaji anaweza. Bonyeza ZIMA. Kwa ufanisi zaidi, kwa haraka na kwa moyo wa kujituma, nukta. Kidole kikagonga bati.

Mwandishi akasogea karibu.

"Sogeza chini," Kidole akamwambia Barafu.

"Nisogeze kwa kutumia nini, mzee? Hii si ya kupapasa, humu watu wanavaa glovu. Vitufe ndivyo hivyo unavyoviona."

"Kwa hiyo sentensi ya sita iko wapi?"

Barafu akagonga ukuta chini ya skrini. "Labda iko humu kwenye bati."

Mwandishi alishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akaitoa, akazungumza haraka haraka. "Nimeshaelewa! Kisichoenea kinakatwa. Na bahati mbaya imekatika palepale kwenye nukta. Ingekatika katikati ya sentensi, angejua kuna kitu kimebaki, angeuliza. Sasa kasoma, imeanza vizuri, imekwisha vizuri. Kaka, yule mzee hakuficha kitu. Alinakili kila alichopewa!"

"Hakupewa," Kidole alisema. "Hiyo ndiyo kesi."

"Basi twende tukaandike ripoti!"

"Ripoti?" Kidole akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Ripoti itaundiwa kamati, kamati itazaa kamati ndogo, na wakati huo Baba Pacha ananyea debe. Hapana. Wakubwa hawasomi, dada, umeniambia mwenyewe. Basi tutawasomesha. Barafu, kaa hapa, mtu asiguse kitu. Kaniletee maboksi matupu matatu kwanza."

*

Saa sita kasoro dakika kumi gari la polisi liliingia getini. Mama Pacha alikuwa pale na begi lake, amesimama wima. Mumewe alikuwa uani, mlinzi kila upande.

Mkurugenzi alishuka ngazi na kalamu ya kijani mfuko wa mbele, Mkuu wa Mifumo nyuma yake amebeba faili. Kidole akawazuia kwenye kona.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, kabla hujasaini hati ya kumkabidhi, bodi inaomba dakika kumi zako. Ni jaribio dogo tu. Polisi washuhudie."

"Jaribio gani?"

"La kuonyesha jinsi maelezo yenu yalivyo wazi."

Mkurugenzi akapenda. "Hilo sawa. Maana hawa watu wanasingizia kila siku hawakuambiwa."

Wakaingia kwenye kile chumba chembamba, wakabanana: wakubwa wawili, polisi wawili, Barafu, Mwandishi, Baba Pacha nyuma kabisa karibu na makoti. Mkuu wa Mifumo alipoiona lakiri iliyokatwa alitaka kusema kitu. Halafu akaiona skrini. Akaanza kuitazama kwa makini sana.

"Mheshimiwa," Kidole akasema, "wewe leo ndiye mtunza chumba. Mzigo umefika, maboksi hayo matatu. Soma maelezo, fanya kama yanavyosema, ingiza mzigo. Namba ya siri ya majaribio ni sifuri nne."

Mkurugenzi akavaa miwani, akabonyeza alama ya kuuliza, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba. Alipofika kwenye moyo wa kujituma akawageukia polisi. "Hii ya mwisho niliiandika mimi mwenyewe."

"Ya mwisho?" Kidole aliuliza taratibu.

"Ya mwisho, ndiyo. Nilitaka wamalizie na kitu cha kuwatia moyo."

Kidole akamtazama Barafu. "Andika hiyo."

Mkuu wa Mifumo akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, huku macho yakielekea kwenye kitufe cha WASHA.

"Mkuu," Kidole akasema bila kugeuka, "shika kifua chako. Baba Pacha hakuwa na mtu wa kumkoholea."

Polisi mmoja akainamia viatu vyake kuficha uso. Mkurugenzi alikuwa ameshanogewa. Akabonyeza ZIMA, akaweka sifuri nne. Skrini ikarudi kwenye tarakimu zake za kijani kana kwamba hakuna lililotokea. Akafungua mlango mkubwa, akaingiza boksi la kwanza, la pili, la tatu, kwa haraka na kwa kujituma kweli. Akatoka, akasukuma mlango ukajifunga. Mkono wake ukapita karibu na vitufe. Mkono ukaendelea mpaka mfukoni, ukatoa leso, ukafuta jasho.

"Umemaliza, Mheshimiwa?"

"Nimemaliza."

"Hakuna kilichobaki?"

"Kitabaki nini? Nimefuata maelezo neno kwa neno."

"Ahsante." Kidole akashika mpini wa mlango, akaufungua mpaka mwisho, akauacha wazi. Ukungu wa baridi ukatambaa sakafuni. Akanyanyua kidole, akaanza kuhesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu."

Alipofika kumi, Mkurugenzi bado alikuwa anatabasamu. Kufika ishirini alikuwa anamtafuta Mkuu wa Mifumo kwa macho, na Mkuu anatafuta pa kuangalia.

"Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini."

Kimya. Ungeweza kusikia feni ndani ikizunguka.

"Thelathini na tano. Arobaini." Kidole akashusha mkono. "Mheshimiwa Mkurugenzi, umezima king'ora cha chumba cha dawa, umeondoka na kukiacha hivyo. Afande, hiyo hati inasema kosa hili linaitwaje?"

Mkubwa wa polisi akafungua karatasi yake. "Hujuma."

"Nani... nani hakuniambia kwamba..." Mkurugenzi alianza.

"Endelea," Kidole alisema. "Malizia hapo hapo. Nani hakukuambia?" Akachukua karatasi iliyochapwa na daftari la shule, akavibandika juu ya skrini kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. "Hapa sita. Hapa tano. Hapa ukutani, tano. Ya sita dada huyu aliiweka ya kwanza. Nyinyi watatu mkapanga sentensi zenu juu yake mpaka ikaanguka nje ya ukuta. Rasimu zipo, wino mwekundu, bluu, kijani." Akaigusa kalamu iliyokuwa mfukoni mwa Mkurugenzi. "Kijani hiki."

Polisi aliisoma hati yake tena, kuanzia juu. Halafu akaikunja mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo kama kibiriti, akampa Mkurugenzi. "Mtatuita mkiwa na mhalifu," alisema. "Kwa sasa naona mna kikao."

Wakubwa walitoka bila kuaga. Wangeandika barua, bila shaka, na ndani yake neno pole lisingeonekana. Wenye vyeo hawana herufi zake. Lakini Mwandishi alikuwa ameshakaa juu ya boksi tupu, karatasi gotini, anaandika upya. Sentensi mbili. Alimpa Barafu apime kwa rula zitaenea mistari mingapi.

Baba Pacha alijipenyeza mpaka kwenye skrini. Akanyoosha mkono, akabonyeza WASHA.

Mlango ulikuwa bado wazi. Nusu dakika ikapita, na king'ora kikapasuka, kikapita ukutani, uani, mpaka getini. Barafu akaziba masikio. Baba Pacha alisimama chini yake anasikiliza, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. Ndipo akaufunga mlango.

Kule getini Mama Pacha alikuwa amelikumbatia begi, macho makubwa. "Kelele gani hiyo? Wamekufanya nini?"

"Nipe sweta," mumewe alisema.

"Na sabuni? Na mswaki?"

"Hivyo rudisha nyumbani." Akalivaa sweta la bluu, akavuta mikono mpaka kwenye vifundo. "Kuna mzigo saa nane. Na chumba changu kina baridi."